Kitufe cha Msiba

Ninyi mlioingia kazini juzi pale ghorofani mmeniomba niandike jinsi mfumo wa ujuzi ulivyoingia kwenye mchezo wetu, kwa sababu waliokuwepo wakati ule tumebaki wachache, na Neema hapendi kulizungumza. Nimestaafu, niko nyumbani Uyole, na mahindi yangu yanakua bila kuniuliza. Basi naandika. Habari za vyeo msizitegemee. Cheo changu kilibadilishwa mara kadhaa na kiti kikabaki kilekile, kile ambacho mguu wake mmoja umefungwa mpira wa baiskeli.

Nilianza kazi Mwanjelwa, hapa Mbeya, nikichapa barua za watu kwa taipureta. Kompyuta zilipofika nikawa miongoni mwa walioambiwa wasiziguse, kisha miongoni mwa walioitwa kila zilipogoma. Ndivyo nilivyojifunza kuandika programu. Niliandika za magunia ya kahawa, za karo za shule, za stoo za maduka. Ni kazi isiyo na shukrani: ikienda vizuri hakuna anayekukumbuka, ikienda vibaya wanakuita kwa jina lako la ubatizo. Duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Iringa liliniita mara nyingi, na mwenye duka alinipenda kwa kuwa tangu nianze kumhesabia, misumari yake iliacha kupotea.

Mwanawe Salim alirudi kutoka masomoni na wazo la kutengeneza mchezo wa kompyuta. Baba yake alimpa vyumba vya juu ya duka, akamwambia kama anataka mtu anayejua kuhesabu vitu, yuko mama mmoja wa Mbeya. Mimi wakati huo nilikuwa na mjukuu tayari, na sijawahi kucheza chochote zaidi ya bao. Nilimuuliza Salim nitafanya nini kwenye mchezo wa anga. Akanieleza mambo mengi kwa mikono miwili, na alipomaliza nilikuwa nimeelewa kwamba mchezo wa anga, ukiondoa nyota, ni stoo. Nani ana nini, kiko wapi, kimepungua kiasi gani. Hilo niliweza.

Siku ya kwanza nilipanda zile ngazi zinazonuka rangi na chokaa nikamkuta Mzee Kikoti. Alikuwa mtu wa Mafinga, mtoto wa seremala, mwenye vidole vinene ambavyo hungeamini vinaweza kugonga herufi moja bila kugonga ya jirani. Ndiye aliyeandika moyo wa mchezo ule, peke yake. Alikuwa na kisukari, anakunywa chai isiyo na sukari, na kila siku aliilaumu chai kana kwamba ndiyo iliyomfanya augue. Nilimwamkia, akaitikia kwa Kihehe, halafu akaniuliza kama nimekuja na ndizi au Wanyakyusa wote tumezimaliza njiani. Kisha akaniwekea kiti pembeni yake na kunikataza kugusa kitu.

Nilikaa pembeni yake wiki nzima nikitazama. Niliumia, siwafichi. Nimeandika programu miaka yote ile, leo nawekwa pembeni kama mgeni wa harusi asiye na kadi. Nilipomlalamikia alinieleza kwamba kwenye benchi la baba yake hakuna aliyeshika randa siku ya kwanza. Ulifagia maranda, ukabeba mbao, ukatazama, mpaka siku moja unasikia msumeno unavyolia na kujua kwamba mbao bado ni mbichi. Siku hiyo ndiyo ulipewa randa. Wiki ya pili alinipa kibodi, na nikagundua kwamba najua mahali pa kila kitu.

Mchezo wenyewe mnaujua, ila nieleze kidogo kwa ajili ya msomaji wa nje. Unapewa chombo kibovu, unaachwa angani, na hakuna anayekuambia uende wapi. Unaweza kuchimba miamba, kufanya biashara, kujenga kituo ukaishi na wenzako, au kuelea tu. Wengine walielea miezi. Wachezaji wetu walikuwa wa huku Nyanda za Juu, wa Dar, wa Nairobi, na wengine wa mbali ambao hatukujua walitupataje. Wengi walicheza kwa simu.

Tatizo lilikuwa kwamba kila mtu aliweza kila kitu. Ukiwa na kifaa cha kuchomelea, unachomelea. Ukiwa na dawa, unatibu. Hakuna aliyemhitaji mwenzake, kwa hiyo vituo vilibaki vitupu na kila mmoja alikaa ndani ya chombo chake. Mzee Kikoti alilitazama hilo siku moja kwenye skrini, zile nukta nyingi zilizotawanyika, akasema tumetengeneza kijiji ambacho kila nyumba ina kisima chake, na sasa tunashangaa watu hawasalimiani.

Ndipo tukaanza mfumo wa ujuzi. Kila mhusika awe na ujuzi wake, wenye madaraja kumi, na asiyekuwa nao aende kwa aliye nao. Toleo la kwanza lilikuwa rahisi: ukifanya jambo mara nyingi, unapanda. Lilidumu muda mfupi. Mchezaji mmoja wa Makambako aliweka jiwe dogo juu ya kioo cha simu yake, akaenda shambani, na mhusika wake akachomelea bati lilelile kutwa. Jioni alikuwa fundi kuliko sisi tulioutengeneza mchezo. Salim alikasirika. Mzee Kikoti alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akafuta kila kitu.

Toleo la pili lilitoka kwenye benchi la baba yake. Huwezi kupanda daraja peke yako. Lazima mhusika wako akae benchi moja na aliyekuzidi, yeye afanye wewe utazame, halafu wewe ufanye yeye atazame, na fundi ndiye anayekubali au kukataa. Fundi akiondoka mchezoni moja kwa moja bila kumfundisha mtu, ujuzi wake umeondoka naye. Ili jambo lianze, kila mmoja wetu alipewa ujuzi mmoja mpaka daraja la kumi. Neema, aliyekuwa anachora vyombo na sura za watu, alipewa kusoma ramani. Salim akachukua biashara, kwa kawaida ya ukoo. Mimi nilipewa kutibu. Mzee Kikoti alichukua kuchomelea, na kuchomelea ndiko kulikokuwa kugumu kuliko vyote, kwa kuwa meli kubwa za masafa marefu haziungwi na fundi aliye chini ya daraja la saba.

Salim aliongeza sharti moja: ujuzi usiotumika ushuke, ili watu warudi kila siku. Mimi nilipinga. Nilimwambia wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Mzee Kikoti, ambaye nilidhani angeniunga mkono, alisema wahenga hawakuwa na kisukari. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi wakati ule, ingawa sisi tulidhani anatania. Sharti likapita.

Tulikuwa bado tunalijaribu sisi wenyewe pale ofisini bibi yake Neema alipofariki. Alikwenda kuzika, akakaa matanga yote kama inavyopasa, na aliporudi akafungua mchezo. Mhusika wake alikuwa ameshuka mpaka hawezi kusoma ramani ya kutoka kituoni. Neema si mtu wa maneno mengi. Aligeuza skrini tukaiona wote.

"Nimemzika bibi," alisema, "na huku nimekatwa."

Mzee Kikoti aliinuka, akaenda dirishani, akakaa huko. Aliporudi alikuwa na jambo zima kichwani. Kuwe na kitufe cha msiba. Ukifiwa, unakibonyeza, ujuzi wako hausogei mpaka utakaporudi. Na si wewe tu. Kijijini kwao, mwili ukiwa bado ndani hakuna anayeshika jembe, anayeonekana shambani anatozwa faini na kusemwa mpaka anakoma. Kwa hiyo kituo kizima kisimame. Wenzako wote waweke vifaa chini mpaka uzike.

Nataka mwelewe kwamba pale ofisini hakuna aliyeona kasoro. Mimi ni Mlutheri wa Tukuyu, kwetu hivyo ndivyo. Neema ni Mbena, kwao hivyo ndivyo. Hata Salim, duka la baba yake hufungwa jirani akifiwa, na hafungui mpaka jeneza lipite. Mmoja wetu aliuliza, nadhani ni mimi, itakuwaje mtu akidanganya. Wote watatu walinitazama kama nimetukana. Nani ajitabirie msiba kwa ajili ya mchezo? Ni uchuro. Mtu ataje kifo cha mama yake aliye hai ili asishuke daraja? Tukaliacha swali hapo, nami nikaona haya kuliuliza.

Mfumo ulipotoka, wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Watu walihamia vituoni. Walitafuta mafundi, wakawa na wanafunzi, wakaitana fundi na mwanafunzi hata nje ya mchezo. Mzee Kikoti alijenga kituo akakiita Kinyanambo, kama mtaa wa kwao Mafinga, akaweka benchi la kuchomelea, na kila jioni kabla ya kwenda nyumbani Kihesa alifundisha. Alikuwa fundi mkali. Alikataa kazi za watu kwa neno moja tu, "bado," na watu wakarudi kesho yake.

Halafu misiba ikaanza. Wachezaji wa mbali hawakuogopa uchuro, na wa karibu walijifunza haraka. Mtu akienda likizo, anafiwa. Mtu akiwa na mtihani, anafiwa. Kulikuwa na bibi mmoja, sijui wa nani, aliyekufa kila mwisho wa juma. Vituo vilivyogombana vilipeleka mtu wao akajiunge na kituo cha adui, na siku ya mapambano akafiwa huko, kituo kizima kikaweka vifaa chini wakati maadui wanabisha hodi. Kufa kufaana, wazee hawakukosea. Masika yale kuna kituo kilichokuwa kwenye maombolezo tangu mvua ya kwanza mpaka ya mwisho.

Wachezaji walianza kuondoka. Kinyanambo wanafunzi wa Mzee Kikoti walisimamishwa kila walipopata moto. Mmoja aliyekuwa anakaribia daraja la tano alichoka, akahamia kwenye mchezo wa mpira. Salim aliniita pembeni akaniambia kwamba kama vituo havijaamka kabla ya baridi kuisha, atazima seva na kurudi kumsaidia baba yake dukani. Aliniomba nisimwambie mzee. Nilimwambia mzee siku hiyohiyo.

Alikuwa ameshaanza kuugua kweli. Figo zilichoka, ikabidi asafishwe damu hospitali kubwa ya hapa Mbeya, na kwa kuwa hakuweza kupanda basi kwenda na kurudi kila mara, nilimwambia akae kwetu Uyole. Mume wangu alimpa chumba cha mbele. Nami nikahamishia kazi nyumbani, tukawa tunafanyia kazi mezani jikoni, karibu na jiko la mkaa, yeye akiwa na blanketi mabegani. Siku za kusafishwa hakuweza kitu. Siku ya pili yake alikuwa mtu tena kwa saa chache, na saa hizo alizitaka zote.

Alinieleza anachotaka, bila kuzunguka. Alitaka amfikishe mtu mmoja daraja la kumi. Mmoja tu, ili kuchomelea kubaki. Wanafunzi wa Kinyanambo walikuwa wametawanyika, mimi ndiye niliyekuwa karibu, kwa hiyo akaanza na mimi. Kila alipopata nguvu tulifungua simu zetu mbili mezani, mhusika wake na wangu wakakaa benchi moja, nikachomelea vyuma vya kufikirika huku viazi vinachemka. Alinipandisha la nne, la tano. La sita lilichukua muda mrefu. Kwenye la saba akagoma. Nilikuwa naharakisha kona, alisema, moto haujatulia nimeshageuza. Nilimwambia mzee, hizi ni nukta kwenye kioo. Akasema anajua ni nukta, aliziweka yeye.

Wakati huohuo kazi yangu ya ofisini ilikuwa kusoma malalamiko ya misiba. Salim alipendekeza tudai ushahidi. Neema alimuuliza kwa simu ushahidi gani, picha ya maiti? Salim akalirudisha pendekezo lake. Tukawa hatuna jibu. La kuvunda halina ubani, na mimi kila asubuhi nilikuwa nikifungua kompyuta kunusa.

Ndipo ikaja barua ya mchezaji mmoja wa Tunduma. Alikuwa mchimbaji mzuri, mtulivu, sijawahi kuona jina lake kwenye ugomvi. Alibonyeza kitufe, kituo chake kikasimama katikati ya kazi kubwa, na wenzake, waliokuwa wamedanganywa mara nyingi, wakasema huyu naye. Walimtukana, wakapiga kura, wakamfukuza. Hakutuomba arudishwe. Alituma picha ya kaburi fupi lenye udongo mbichi, fupi kiasi kwamba nilielewa kabla sijasoma. Chini yake aliandika, "Waambieni sikudanganya."

Niliandika pole, nikaifuta, nikaiandika tena. Hakuna neno lingine katika lugha yetu na hilo moja lilionekana dogo. Kisha nikampelekea Mzee Kikoti simu yangu yenye ile picha pale karibu na jiko. Alikuwa ametoka kusafishwa jana yake. Aliitazama picha ile mpaka kioo kikazimika chenyewe mkononi mwake.

"Mama Lusajo, kitufe kitoe," alisema.

Nilimkatalia. Nilimwambia tutafute njia, tukipunguze, kimsimamishe mfiwa peke yake. Nilisema mengi, na sababu yangu ya kweli sikuisema: kitufe kile kilikuwa cha kwake, na nilimwona anavyopungua, na sikutaka kumwondolea kitu akiwa bado anatazama.

"Nilikiweka ili mfiwa apumzike," alisema. "Sasa mfiwa anaulizwa kama ni kweli. Kwetu sijaona mtu akiulizwa ushahidi wa msiba. Tumewafundisha watu jambo baya, mama. Kitoe."

"Na wewe?" nilimuuliza. Tulijua wote wawili nauliza nini.

"Mimi nikifa wafanye kazi. Ila wewe uje. Usije ukaniambia una toleo la kutoa siku hiyo."

Nilikitoa wiki ileile. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja, maana msimbo wake ulikuwa safi, kama kila kitu alichoandika. Pamoja nacho tulilegeza sharti la Salim, ujuzi ukawa unakaa muda mrefu kabla ya kuanza kushuka, ili anayezika aweze kuzika bila kumwambia mtu. Nilimwandikia yule wa Tunduma nikamweleza tulichofanya. Hakujibu, wala sikumtegemea ajibu.

Vituo viliamka. Taratibu kwanza, halafu kwa kishindo, na Salim hakutaja tena duka la baba yake. Nilimsomea Mzee Kikoti idadi ya watu kila asubuhi, akawa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mtoto aliyeolewa mbali. Mara mbili alinijaribu tena kwenye daraja la saba. Mara zote mbili alisema bado. Mara ya pili nilikasirika, nikamwambia anikubalie tu, muda wenyewe anauona. Akasema kwa sababu anauona ndiyo maana hawezi kunipa kitu cha uongo.

Baada ya hapo alilazwa, na simu alimpa mkewe aishike.

Tulimzika kwao, nje kidogo ya Mafinga, mahali ambapo misonobari inaanzia nyuma ya nyumba. Siku hiyo hakuna aliyeshika jembe. Mashine ya kupasua mbao iliyo jirani, ambayo siku nyingine huwezi kusikilizana nayo, ilizimwa tangu asubuhi. Wapasuaji walikuja na nguo zao za kazi, wamejikung'uta vumbi la mbao, wakashika majembe ya kaburini kwa zamu. Salim alikuja na baba yake. Neema alikaa na wafiwa ndani. Mchungaji alihubiri kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka amalize.

Baada ya mazishi watu walipewa chakula. Mimi sikuweza kula, nikaenda kukaa juu ya magogo yaliyopangwa kando ya uwanja, nikatoa simu. Ni mazoea ya kazi, unaangalia kama seva iko hewani. Ilikuwa hewani. Vituo vyote vilikuwa vinafanya kazi. Watu wanachimba, wanapakia, wanabishana bei, madaraja yanapanda. Hakuna kituo hata kimoja kilichosimama. Nilitafuta kwa macho mahali ambapo zamani paliandikwa kwamba kuna msiba, ingawa mimi ndiye niliyepafuta. Nililia pale kwenye magogo kuliko nilivyolia kaburini.

Kisha nikaenda Kinyanambo. Mhusika wake alikuwa amesimama kwenye benchi alipoachwa, kifaa mkononi. Mbele yake alisimama mchezaji mgeni, mwenye daraja sifuri, na ameshaandika mara kadhaa: fundi upo, fundi shikamoo, fundi nimetoka mbali kuja kujifunza kuchomelea.

Nikamwandikia kwamba fundi amefariki. Alijibu pole sana, akangoja kidogo kwa adabu, halafu akauliza nani mwingine anafundisha. Sikumchukia. Mzee mwenyewe alisema wafanye kazi. Nikamwambia mimi nitamfundisha, ila naweza kumfikisha daraja la sita tu.

"La saba anafundisha nani?" aliuliza.

Nilikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye jedwali linalotunza madaraja ya wachezaji wote. Mzee Kikoti ndiye aliyenipa, mwaka ule wa kwanza, aliponipa kibodi. Ningeweza kufuta sita kwenye jina langu na kuandika saba, au kumi, nikiwa palepale kwenye magogo, na hakuna ambaye angejua. Mashine ya mbao ilikuwa kimya. Wale wapasuaji walikuwa wananawa mikono.

Nikamwandikia kwamba la saba tumelizika leo mchana.

Mhusika wake akasogea kwenye benchi, nikaanza naye la kwanza. Meli kubwa zilizopo kwenye mchezo wetu ni zile alizoziunga Mzee Kikoti kwa mkono wake, na kila moja inayovunjika hakuna wa kuiunga. Mmekuwa mkiliandika hilo kama kasoro inayosubiri kurekebishwa. Ruhusa ya jedwali sasa mnayo ninyi.